UZI: Hulka ya kijana na uonevu wa simuni – vipimo, adhabu zinazogonga mwamba, na ushahidi wa WhatsApp

#1 Mshauri_Elgon

Wadau, salaam. Likizo ndefu ya Desemba ikifika, simu zinarudi mikononi mwa wanafunzi, na wiki ya kwanza ya muhula mpya ofisi ya ushauri inajaa kesi za magrupu. Uzi huu ni wa walimu wa ushauri, matroni, wazazi na wanaofanya utafiti hapa Uganda. Hadithi za "enzi zetu" tuziache mlangoni.

Kuna wazo linalopendwa sana: chota dodoso la hulka mtandaoni, wajazishe S1 (kidato cha kwanza) wote, wenye alama za juu waandikwe kama waonevu watarajiwa. Napinga. Hulka haikuambii nani ni mwonevu. Inakuambia adhabu ipi itagonga mwamba kwa mtoto yupi, na hapo ndipo inapostahili nafasi yake.

Majina kwanza, maana watu huyachanganya. Mwaka 2002 wanasaikolojia Paulhus na Williams waliunganisha hulka tatu wakaziita utatu wa giza. Ya kwanza ni unarsisi: kujiona mkubwa na kudai kusifiwa. Ya pili ni umakiaveli: hesabu za ujanja, kuwatumia watu kama ngazi, mikono ikibaki safi. Ya tatu ni usaikopati: pupa, kutojali, kutoogopa matokeo. Baadaye ikaongezwa ya nne, usadisti, yaani kufurahia maumivu ya mwenzako. Mwaka 2014 Buckels na wenzake, Paulhus akiwa mmojawapo, walionyesha kwamba katika hizo nne, usadisti ndio ulioshikamana zaidi na tabia ya kuchokoza watu mtandaoni kwa raha tu.

Upande wa hulka kuu tano za kawaida, mbili ndizo zinazojirudia kwenye tafiti za uonevu: upole wa kuelewana na watu, na utaratibu wa kujidhibiti. Zikiwa chini, hatari inapanda. Uchangamfu hausemi mengi. Mtoto msemaji si mwonevu kwa kuwa msemaji, na naomba walimu wa zamu walikumbuke hilo.

Halafu kuna huruma, ambayo ni vitu viwili tofauti. Kuna kujua mwenzako anahisi nini, na kuna kuumia pamoja naye. Mwonevu hodari anaweza kuwa na ya kwanza tele na ya pili sifuri. Anajua barabara pa kugusa ili paume.

Takwimu_Tu, njoo uwaeleze kuhusu kuchuja watoto kwa dodoso.

#2 Takwimu_Tu

Nimefika.

Uwiano kati ya hulka moja moja na uonevu wa mtandaoni kwa kawaida ni mdogo hadi wa kati. Uwiano ni namba ya jinsi vitu viwili vinavyokwenda pamoja: 0 ni kutohusiana, 1 ni kikamilifu. Tuwe wakarimu tuseme 0.3. Zidisha kwa yenyewe: 0.09. Hulka hiyo inaeleza sehemu 9 kati ya 100 za tofauti zilizopo kati ya watoto. Sehemu 91 ziko kwingine: grupu alilomo, kama yeye mwenyewe anaonewa, nyumbani kuna nini, nani anacheka.

Sasa chukua shule ya wanafunzi 1,000, na tuseme 100 kweli wanaonea wenzao mtandaoni. Nipe kipimo kizuri kuliko vyote ulivyo navyo: kinawanasa 70 kati ya hao 100, na kinakosea kwa 20 tu katika kila 100 ya wasio na hatia. Wasio na hatia ni 900, kwa hiyo kinawapakazia 180. Orodha yako ina majina 250, na walio waonevu kweli humo ni 70. Ukimwita yeyote ofisini kwa kufuata orodha hiyo, kuna uwezekano wa 72 kati ya 100 kwamba umemwita asiyehusika. Na waonevu 30 wamebaki darasani wakiwa na cheti cha usafi.

Jambo la pili: umri. Upole na utaratibu hushuka mwanzoni mwa balehe kisha hupanda tena kadiri mtu anavyokua. Ukimpima mtoto S1 au S2, umempima bondeni. Kumbandika jina wakati huo ni kama kupima kina cha mto siku ya mafuriko.

#3 Mama_Ntinda

Nauliza kwa lugha ya mzazi. Mtoto mpole nyumbani, anapiga magoti kusalimia, anaosha vyombo bila kusukumwa. Huyo naye anaweza kuwa ndiye anayetesa wenzake kwenye simu?

#4 Mshauri_Elgon

Nyabo (yaani mama), anaweza kabisa, bila kuwa mnafiki hata kidogo.

Mwanasaikolojia John Suler mwaka 2004 alieleza kulegea kwa breki mtandaoni. Huonekani, humwoni, jibu linakuja baadaye, na mtu wa upande wa pili anageuka kuwa mhusika wa kichwani mwako. Mtoto anayempigia magoti shangazi anafanya hivyo kwa sababu shangazi ana uso. Kwenye simu uso haupo. Chozi halionekani, na chozi ndilo breki ya watoto wengi.

Kitu cha pili ni visingizio. Mwanasaikolojia Albert Bandura alichambua njia nane ambazo mtu huzima dhamiri yake bila kuitupa. Kaa na wanafunzi robo saa utazisikia karibu zote, kwa Kiswahili na kwa Luganda:

"Tulikuwa tunacheza tu" – ubaya umepewa jina tamu.
"Mimi nilisambaza tu, sikutengeneza" – mzigo umetupiwa mwingine.
"Grupu lote lilicheka" – kosa limegawanywa watu 60, kila mmoja amebaki na punje.
"Hata hakulia" – madhara yamepunguzwa.
"Yeye ndiye alianza, anajidai sana" – mwathirika ndiye mkosaji.
"Afadhali sisi, S3 walimfanyia mabaya zaidi" – ulinganisho wa kujisafisha.

Tazama stika moja kwa karibu. Msichana wa S2 amepigwa picha mdomo wazi siku ya michezo. Mmoja anakata picha, anaandika neno moja juu yake, anaifanya stika. Wa pili anaitumia kujibu swali la hesabu kwenye grupu la darasa. Wa tatu anaihifadhi. Kufikia jioni stika hiyo ndiyo "hapana" ya grupu zima: mtu akikataa jambo lolote, anatuma uso wa yule binti. Hakuna tena anayemfikiria yeye. Amegeuka alama ya uandishi. Huyo aliyeitumia mara ya arobaini anaweza kuwa mtoto wako mpole, na dodoso la hulka lingempita salama salimini.

Ndiyo maana fasili ya uonevu ya mtafiti Dan Olweus inahitaji kusomwa upya. Yeye aliweka nguzo tatu: kukusudia kuumiza, kurudia, na nguvu zisizolingana. Mtandaoni kurudia hakufanywi na mtu mmoja. Aliyetengeneza alifanya mara moja, grupu likarudia kwa niaba yake. Na nguvu si misuli. Nguvu ni kuwa na skrinshoti, kuwa admini, kuwa na simu na MB wakati mwenzako hana. Mtoto asiye na simu anaweza kutukanwa likizo nzima kwenye grupu asilolijua, akagundua siku ya kufungua shule kwa namna wenzake wanavyomwangalia akishusha sanduku lake.

#5 Mwalimu_TEHAMA

Hapo kwenye grupu naongeza vya kiufundi, kwa sababu walimu wengi wanatafuta mkosaji kwa kuuliza "nani alianza?" na wanadanganywa mchana kweupe.

Kwa picha na video za WhatsApp, angalia mshale. Zisizo na mshale: mtumaji ndiye aliyeipakia kwenye simu yake, ama kwa kuitengeneza ama kwa kuihifadhi na kuituma upya. Mshale mmoja: imetoka kwenye soga nyingine. Mishale miwili: imeshapita mikono mitano au zaidi, na WhatsApp inairuhusu kwenda soga moja tu kwa wakati. Ukiona mishale miwili, usipoteze muda kumbana aliyeituma kwenye grupu lako kana kwamba yeye ndiye chanzo.

Ujumbe uliofutwa kwa wote unaacha kovu: jina la mtumaji na maneno kwamba umefutwa. Muda wa kufuta kwa wote ni kama siku mbili na nusu, kwa hiyo mtoto aliyefungua simu mapema anaweza kuwa na ushahidi ambao wengine hawana.

Kwenye magrupu ya darasa tatizo kubwa ni kwamba kila mtu ni admini. Fanya hivi:

1. Maadmini wawili tu, mmoja awe mtu mzima.
2. Washa idhini ya admini kabla ya mtu kuingia. Kiungo cha kujiunga kikivuja, kibadilishe.
3. Usiku grupu liwe la maadmini tu kuandika. Mambo mabaya huandikwa watu wakiwa kitandani.
4. Wazazi waweke kwenye faragha kwamba ni watu wa orodha yake tu wanaoweza kumwongeza mtoto kwenye grupu.

Instagram na TikTok zina sehemu ya kuzuia maneno kwenye maoni. Vichujio vyao havijui matusi ya Luganda wala ya Kiswahili cha mtaani, kwa hiyo orodha uiandike mwenyewe, na uandike kila neno kwa tahajia tatu nne: lenye namba badala ya irabu, lenye nukta katikati, lenye herufi iliyorudiwa.

Kingine, mzazi asijidanganye na kichujio cha mtandao wa nyumbani. Tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, VPN (programu ya kupita vizuizi vya mtandao) imekuwa kitu cha kawaida hata kwa mtoto wa S1, na VPN inapita juu ya kichujio hicho kama panya juu ya kamba.

#6 Afande_Msomaji

Mnazunguka sana. Paredi, aitwe mbele, ataje alichofanya, apate chake, basi. Wengine watajifunza.

#7 Mshauri_Elgon

Afande, heshima yako. "Chake" ukimaanisha kiboko, marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yalikipiga marufuku shuleni, kwa hiyo tusifikishane huko. Lakini hata paredi isiyo na kiboko tuipime kwa hulka, maana hapa ndipo nilipotaka tufike.

Mwenye unarsisi. Chakula chake ni kutazamwa. Ukimwaibisha mbele ya shule, umemjeruhi pale panapomuuma kuliko pote, na aliyejeruhiwa hapo hulipiza. Hatakulipiza wewe. Atamlipiza aliyemsema, kwa akaunti isiyo na jina. Mwite faragha. Mweleze kosa kwa dakika tano bila hotuba, kisha mpe kazi inayoonekana yenye masharti yaliyoandikwa: kutangaza mechi, kuongoza klabu ya mijadala. Akivunja sharti, kazi inaondoka siku hiyo hiyo. Usimpe uadmini wa kitu chochote, hata akiomba kwa adabu.

Mwenye umakiaveli. Huyu kwenye skrinshoti hayupo. Ukiipekua soga utakuta ameandika "jamani msimseme hivyo" na alama ya kucheka. Yeye ndiye aliyempelekea mwenzake skrinshoti ya faragha, akajua fika mwenzake hana kifua. Somo la huruma kwake ni kumnolea kisu: unamfundisha vizuri zaidi watu huumia wapi. Kinachomfaa ni uhakika wa kugunduliwa. Fuata njia ya picha hadi mwanzo, mwonyeshe kwamba umefika, na hesabu yake ibadilike: faida ndogo, gharama ya hakika. Ukali wa adhabu haumtishi kama uhakika unavyomtisha.

Mwenye pupa. Wengi mno wako hapa, na kwao wala usiseme giza, sema breki mbovu. Adhabu inayokuja wiki tatu baadaye haigusi chochote, maana kosa na adhabu havikutani kichwani. Kwake iwe fupi na ya papo hapo: saa 24 bila simu, ianze leo. Halafu punguza mteremko. Arifa za magrupu zizimwe, simu ichajiwe sebuleni usiku, na jibu lolote la hasira liandikwe kwenye daftari kwanza. Asubuhi alisome kwa sauti. Mara nyingi halitumwi.

Asiyejali, yaani baridi: hana majuto, adhabu zinapita kama maji kwenye jani la yugwa. Watoto wa namna hii huitikia thawabu kuliko adhabu, na huitikia ukaribu wa mzazi kuliko makemeo. Mpango wa wiki, jambo moja tu linalopimwa, thawabu ndogo kila Ijumaa. Wazazi huuchukia mpango huu kwa sababu unaonekana kama kumlipa mkosaji. Waeleze kwamba adhabu walishaijaribu.

Anayefurahia maumivu. Mnyime watazamaji na mnyime jibu la mwathirika. Ukiona pia ukatili kwa wanyama au kwa watoto wadogo, acha kujifanya daktari: mpeleke kwa mtaalamu. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika ina kitengo cha watoto na vijana.

Kuna na mwonevu anayeonewa. Analipa mtandaoni alichofanyiwa bwenini. Hulka yake ni wasiwasi na hasira ya haraka. Ukimwadhibu kabla hujamlinda, umewasaidia wanaomtesa. Utaratibu ni mmoja tu: kwanza usalama wake, halafu kosa lake.

Na kwa wote: usiwakusanye wakosaji kumi kwenye chumba kimoja Jumamosi mkaita ushauri wa kikundi. Mwaka 1999 Dishion, McCord na Poulin walionyesha kwamba vijana wakorofi wakiwekwa pamoja hufundishana na kushangiliana, na wanatoka wabaya zaidi. Changanya: mkorofi mmoja, wenzake wanne watulivu.

#8 Afande_Msomaji

Hapo kwa mwenye breki mbovu umenipata. Lakini hao 60 wanaocheka? Nao mnawafanyaje?

#9 Mshauri_Elgon

Swali zuri kuliko dai lako la paredi, Afande.

Christina Salmivalli na wenzake, Ufini, 1996, waligawa nafasi: mwonevu, msaidizi wake, mshangiliaji, mtazamaji, mtetezi, mwathirika. Programu ya KiVa ya huko imejengwa juu ya wazo hilo: usihangaike tu na mmoja aliye juu, vuta wale wa katikati. Kwenye grupu, anayetuma alama ya kucheka ndiye mshangiliaji. Hajioni mkosaji.

Usiwaambie "mtetee mwenzako hadharani". Mtoto wa S2 haendi kubishana na watu 60. Mpe vitu vidogo anavyoweza: asitume kicheko, abadilishe mada kwa kuuliza jambo la masomo, amwandikie mwathirika pembeni "nimeona, si sawa", amjulishe admini. Ujumbe wa pembeni ndio rahisi kuliko yote, na ndio unaosahauliwa kufundishwa. Wafanye zoezi darasani kwa karatasi: soga ya mistari sita ubaoni, kila mmoja aandike mstari wa saba. Dakika 30 zinatosha.

#10 Mtafiti_wa_Lira

Kwa wanaotaka kupima kweli, kwa ajili ya tasnifu au kwa kujua hali ya shule na si kwa kuwinda watoto, makosa ni yale yale kila mara.

Kipindi cha kuuliza. Madodoso ya nje huuliza "katika siku 30 zilizopita". Shule ya bweni, katikati ya muhula, simu marufuku: utapata karibu sifuri, utaandika kwamba Uganda haina tatizo. Uliza wiki ya pili ya muhula, na kipindi kiwe "wakati wa likizo iliyopita". Wa kutwa wahesabiwe kando.

Usitaje jina la kosa. Ukiandika "Umewahi kumwonea mwenzako mtandaoni?" wote watakataa, na wengine watafikiri unauliza kuhusu utani. Andika kitendo: "Nilitengeneza stika kwa picha ya mtu bila ruhusa yake." "Nilimtoa mtu kwenye grupu ili ajisikie vibaya." "Nilionyesha wengine ujumbe alioniandikia mimi peke yangu." Majibu: haijatokea, mara moja au mbili, mara mbili au tatu kwa mwezi, kila wiki, mara kadhaa kwa wiki. Mstari wa Olweus ni pale pa mara mbili au tatu kwa mwezi, lakini kwa picha iliyosambazwa hata mara moja ihesabu kivyake.

Kanusho juu ya kanusho. Hapa Kiswahili kinatuangusha tukikizembea. Chukua sentensi "Sijutii ninapomuumiza mtu", na jibu "Sikubali kabisa". Mtoto mwenye majuto anatakiwa akatae kwamba hajuti. S1 waliojifunza Kiswahili shuleni tu watapotea hapo, na ndipo alfa yako (kipimo cha kama sentensi za dodoso zinakubaliana) inaposhuka chini ya 0.70 ukaanza kulaumu watoto. Andika "Nikimuumiza mtu, baadaye ninajuta", halafu wewe ndiye ugeuze alama mezani: 1 iwe 5, 2 iwe 4.

Kiambishi "hu-" cha mazoea nacho kiepuke. "Huwacheka" wengine wanasoma kama "huwacheki". Andika "mara nyingi ninawacheka".

Dodoso fupi la utatu wa giza lina sentensi 12, nne kwa kila hulka. Refu kidogo lina 27. Kwa vijana wetu, sentensi nne ni chache mno: moja ikieleweka vibaya, robo ya kipimo imeharibika. Chukua refu, tafsiri, mpe mtu mwingine airudishe kwenye lugha ya asili bila kuona ya kwanza, linganisha. Jaribu kwa wanafunzi 30 wa shule nyingine, kisha keti na wanane kati yao mmoja mmoja: "Hapa ulielewa nini?" Swali hilo moja linaokoa utafiti mzima.

Siku ya kujaza: hakuna jina, mwalimu yuko nje, matroni asipite katikati ya madawati, dakika 25. Na kabla ya yote, kibali cha kamati ya maadili iliyoidhinishwa, usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, ridhaa ya mzazi, na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Mtoto akikataa, mzazi hawezi kukubali kwa niaba yake.

#11 Takwimu_Tu

Nyongeza moja: aliyeonea na aliyeonewa waulizwe kwenye dodoso hilo hilo. Ukiwapima waonevu peke yao, wale wanaolipiza wataonekana kama wenye hulka ya giza, kumbe ni majeraha.

#12 Mama_Ntinda

Na ushahidi? Mtoto akija analia, cha kwanza ni kumtoa kwenye grupu, siyo?

#13 Wakili_wa_Watoto

Hapana nyabo, subiri dakika kumi.

Kabla hajatoka: piga skrinshoti zinazoonyesha jina la grupu, tarehe na saa. Gusa jina la mtumaji ili namba yake ionekane, piga na hiyo. Jina "Killer Boy" si ushahidi, namba ni ushahidi. Kisha hamisha soga nzima kwenda barua pepe ya mzazi. Ukiacha picha inachukua hadi ujumbe 40,000; ukijumuisha picha, hadi ujumbe 10,000. Ukishamaliza, ripoti: WhatsApp inapokea jumbe tano za mwisho kutoka kwa mtu huyo au grupu hilo, na mwenyewe haarifiwi. Kwa hiyo ripoti tusi likiwa bado bichi, kabla halijafunikwa na salamu. Ndipo atoke.

Isipokuwa hapa, na msome mara mbili: kama ni picha ya utupu ya mtoto, USIPIGE skrinshoti, usiitume kwa mwalimu mkuu, usiitume hata kwa wakili. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inakataza picha za ngono za watoto, na nia njema haikufanyi uwe na haki ya kuisambaza. Andika kwa kalamu: nani, grupu gani, saa ngapi, picha inaonyesha nini kwa maneno machache. Simu yenyewe ipelekwe Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia cha polisi.

Sheria hiyo ya 2011 ina makosa ya kusumbua na kumwandama mtu mtandaoni. Kifungu cha 25, cha mawasiliano ya kuudhi, Mahakama ya Katiba ilikifuta Januari 2023, kwa hiyo anayekuambia "tutamshtaki kwa 25" amechelewa. Ukinukuu, soma toleo la sasa, namba za vifungu zimebadilika.

Umri wa kuwajibika kijinai ni miaka 12. Kesi ya mtoto iko Mahakama ya Familia na Watoto. Lakini angalia laini ya simu: mtoto asiye na kitambulisho anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mzazi. Polisi wakifuatilia namba, wanafika kwako kwanza. Hilo peke yake linatosha mzazi aulize laini ipi iko wapi.

Si kila kesi ni ya polisi. Stika ya kuudhi imalizwe shuleni. Vitisho, kudai pesa, picha za utupu, au mtoto anayesema hataki kuishi: hapo usingoje asubuhi. Namba ya msaada kwa watoto, Sauti 116, ni bure. Kijijini, katibu wa masuala ya watoto wa LC1 (baraza la kijiji) na afisa ustawi wa jamii wa wilaya ndiyo kazi yao.

#14 Mama_Ntinda

Asante. Na hiyo picha ikishasambaa, inaweza kuondolewa?

#15 Mwalimu_TEHAMA

Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na kudhulumiwa, kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Simu inaisoma picha na kutoa msimbo, kama alama ya kidole. Msimbo ndio unaotumwa, picha haitoki kwenye simu. Mitandao iliyojiunga, Facebook, Instagram na TikTok zikiwemo, inautafuta msimbo huo na kuiondoa picha.

Mipaka yake miwili. Picha ikikatwa pembeni au kuandikwa juu yake, msimbo unaweza usilingane, kwa hiyo kila toleo unalolijua lisomwe na simu ya mtu aliye nalo tayari, pasipo kurushiana. Na ndani ya soga za WhatsApp haifiki, kwa sababu zimefungwa kwa msimbo wa siri, anayesoma ni mtumaji na mpokeaji tu. Huko kinachobaki ni admini kufuta kwa wote, na kila mwenye nayo aifute pia kwenye galari, maana kufuta kwenye soga hakuondoi nakala ambayo mtu ameshaihifadhi mwenyewe.